Sensa ipi, swichi ipi? Kutambua vifaa vya joto la maji na feni kwenye Toyota Celica ya zamani

Alfajiri injini ni ya baridi kabisa, hata boneti ina umande. Unageuza ufunguo, feni ya rejeta inaanza kuzunguka kwa fujo. Saa moja baadaye umekwama kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, Dar, maji yamepata moto, na feni ile ile imenyamaza kimya. Celica yangu ya 1991 ilifanya hivyo kwa siku 2 baada ya kutoka gereji, na siku ya pili nikajikuta nimeegesha pembeni, mvuke unatoka mbele, wauza maji wananicheka na kuniuzia chupa hapo hapo.

Fundi aliyenihudumia hakuwa mvivu. Alibadilisha swichi ya feni kweli, tena mpya ya kwenye boksi. Tatizo ni kwamba uzi uliingia, waya ukakaa, akaamini kazi imekwisha. Kumbe swichi aliyoifunga inafanya kazi kinyume na inavyotaka Toyota. Kabla ya hapo fundi mwingine alikuwa amenibadilishia sensa ya geji, akiiita "sensa ya feni". Pesa ilitoka mara mbili kwa sababu vile vidude vya shaba vinavyochomoza karibu na mipira ya maji vinafanana sana, na watu wengi huviita vyote kwa jina moja: sensa.

Mwongozo huu ni wa kuvitofautisha. Nimeuandika nikiwa na Celica ya kizazi cha 1989 hadi 1993 mbele yangu, ile ya taa za kuchomoza, injini ya familia ya 3S. Ukiwa na Toyota nyingine ya miaka hiyo, MR2 kwa mfano, mantiki ni ile ile, ingawa mahali pa kifaa panaweza kuhama. Magari ya Ulaya na Mazda MX-5 nitayagusa panapohusika, kwa sababu hapo ndipo mtego ulipo.

Kwanza, nani anafanya kazi gani

Kuna vifaa vitatu vya umeme vinavyogusa maji, na kwa baadhi ya injini vinne.

Cha kwanza ni sensa ya kontroboksi. Hii inaiambia kompyuta ya injini maji yana joto kiasi gani, ili ijue imwage mafuta mengi au kidogo. Ina pini 2. Kwenye Toyota za wakati huo soketi yake mara nyingi ni ya kijani.

Cha pili ni sensa ya geji, inayopeleka mshale wa dashibodi. Ina waya mmoja tu. Njia ya pili ya umeme ni bodi ya injini yenyewe, kupitia uzi wa kifaa.

Cha tatu ni swichi ya feni. Hii haipimi chochote. Inaunganisha au inakata, basi. Huwa na pini 1 au 2 kutegemea gari.

Cha nne, kama kipo, ni swichi ya muda ya injekta ya kuwashia baridi. Injini nyingi za Toyota za miaka ya 1980 zilikuwa na injekta ya ziada inayomwaga mafuta unapopiga stata injini ikiwa baridi, na swichi hii ndiyo huamua imwage kwa sekunde ngapi. Nayo ina pini 2, na imewapoteza wengi wakidhani ni sensa ya kontroboksi.

Ukiona kidude cha plastiki kimefungwa penye maji lakini kinaingia vimpira vyembamba vya hewa badala ya waya, hicho ni vali ya vakyumu. Kiache kilivyo.

Jambo la kushika hapa ni kwamba watatu hawa hawaongei. Mshale wa geji unaweza kukaa katikati kwa utulivu huku feni imekufa. Feni inaweza kuwa nzima huku kontroboksi inadhani injini iko kwenye friji. Mtu akikwambia "geji imepanda, kwa hiyo sensa ya feni imekufa", muulize amejuaje.

Vitu vya kuwa navyo

Mita ya kupima umeme, hata ile ya bei rahisi. Kipande cha waya wenye vibanio pande zote. Balbu ndogo ya dashibodi ya wati 3.4 iliyounganishwa nyaya mbili. Tochi, kitambaa, kalamu ya wino mzito na tepu ya karatasi ya wapaka rangi. Kipimajoto cha jikoni kinachofika nyuzi 110.

Fanya kazi hii asubuhi gari likiwa limelala usiku kucha. Kifuniko cha rejeta kinashikilia mgandamizo wa karibu 0.9 bar, hivyo maji ndani yanaweza kuvuka nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua yakiwa moto yanageuka mvuke usoni kwako. Pia, feni ya gari hili inaweza kuanza yenyewe wakati ufunguo uko ON hata injini ikiwa imezimwa. Mikono, mikufu na mikono mirefu ya shati ikae mbali.

Hatua ya 1: Fuata maji

Usianze na waya. Anza na mipira miwili mikubwa ya rejeta.

Mpira wa juu unaleta maji ya moto kutoka injini. Kwenye 3S unaishia kwenye kipande cha aluminiamu mwisho wa silinda hedi, upande wa gia boksi, karibu na distributa. Kwenye kipande hicho ndipo huwa sensa ya kontroboksi na sensa ya geji, zimekaa jirani. Inaleta maana: zote mbili zinataka kujua joto la maji yanayotoka kwenye injini.

Mpira wa chini unarudisha maji yaliyopoa. Swichi ya feni huwa upande huu wa baridi, ama kwenye tangi la chini la rejeta ama kwenye nyumba ya themostati (vali inayofunguka kwa joto kuruhusu maji kwenda kwenye rejeta), ambayo kwenye injini hizi iko kwenye njia ya kuingilia. Nayo ina sababu yake. Feni haitakiwi kujali maji yanayotoka kwenye injini yana moto kiasi gani. Inatakiwa kujua kama rejeta imeshindwa kuyapoza. Ukiwa unakwenda kilomita 80 kwa saa kuelekea Bagamoyo, upepo unapoza wenyewe na feni haina haja ya kuwaka.

Hatua ya 2: Weka alama kabla hujagusa

Kila soketi unayoiona, zungushia tepu na uandike A, B, C. Piga picha kwa simu. Inaonekana utoto mpaka uchomoe soketi mbili zenye pini 2 kwa wakati mmoja na usijue ipi ilitoka wapi.

Sasa angalia soketi zenyewe kwa karibu. Dar ina hewa ya chumvi, hasa kwa gari linalolala Kigamboni, Msasani au Kunduchi. Bonyeza klipu, usivute waya, toa soketi na mulika tochi ndani. Pini nzima ina rangi ya fedha iliyofifia. Pini mbovu ina unga wa kijani, na wakati mwingine ukiigusa kwa ncha ya sindano inameguka kabisa. Nimewahi kukuta waya umeshikiliwa na ganda la plastiki tu, shaba ndani imegeuka vumbi kwa urefu wa sentimita 2. Waya wa aina hiyo hauponi kwa kubadilisha sensa.

Hatua ya 3: Chomoa kimoja kimoja uone nani analalamika

Hii ndiyo hatua inayokupa majibu bila ubishi. Zima eyakondisheni, kwa sababu ikiwaka inaamrisha feni kwa njia yake na itakuchanganya.

Weka ufunguo ON bila kupiga stata. Chomoa kifaa unachodhani ni swichi ya feni. Kwenye Toyota hizi, feni inatakiwa kuanza kuzunguka mara moja. Rudisha soketi, inyamaze. Ikifanya hivyo, umeipata, na wakati huo huo umethibitisha kuwa mota ya feni, fyuzi na rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ni nzima.

Huenda unajiuliza inakuwaje kuchomoa kunawasha. Swichi ya Toyota inapokuwa baridi imeunganika. Inapeleka ethi (njia ya umeme ya kurudi kupitia bodi) kwenye rilei, na rilei ikivutwa inakata umeme wa feni. Maji yakifika karibu nyuzi 93 swichi inajikata, rilei inaachia, feni inazunguka. Yakishuka chini ya nyuzi 83 inaunganika tena na feni inasimama. Waliobuni hivi walikuwa na akili: waya ukikatika porini, feni inazunguka muda wote na unafika nyumbani. Betri italalamika, injini itapona.

Magari mengi ya Ulaya ya umri huo ni kinyume. Swichi ikiwa baridi imekata, ikipata moto inaunganisha. Hapo kuchomoa hakukupi kitu. Unatakiwa kuunganisha pini za soketi kwa kipande cha waya ndipo feni iwake. Zenye pini 3, kama za Porsche 944 au BMW za E36, zina spidi mbili, kila moja na pini yake. Mazda MX-5 za mwanzo zenye injini ya 1.6 nazo huunganisha zikipata moto. Zina hata tundu la TFA kwenye kisanduku cha uchunguzi chini ya boneti: ukiliunganisha na tundu la GND ufunguo ukiwa ON, feni inawaka.

Sasa unaelewa kilichonipata Mandela. Nilifungiwa swichi ya mantiki ya Ulaya kwenye saketi ya Toyota. Ikiwa baridi ilikata, feni ikawaka. Ikipata moto iliunganisha, feni ikazima, wakati ambao ninaihitaji kuliko wakati wowote.

Tuendelee. Chomoa ule waya mmoja unaodhani ni wa geji, ufunguo ukiwa ON. Mshale ulale kwenye C (baridi). Kisha gusisha waya huo kwenye bodi ya injini kupitia ile balbu ya wati 3.4. Balbu iwake na mshale upande kuelekea H (moto). Usiunganishe moja kwa moja bila balbu. Mota ya geji ni laini na ya zamani, na kuipata nyingine nzima ni safari.

Sensa ya kontroboksi ijaribu injini ikiwa inaunguruma. Chomoa soketi yake, na taa ya injini kwenye dashibodi inatakiwa kuwaka. Zima injini, rudisha soketi, fungua kisanduku cheusi kilichoandikwa DIAGNOSIS chini ya boneti, unganisha tundu la TE1 na E1 kwa waya mfupi, kisha weka ufunguo ON. Taa itakonyeza mara 2, itapumzika kidogo, itakonyeza mara 2 tena. Hiyo ni kodi (namba ya kosa) 22, yaani saketi ya joto la maji. Ukimaliza, chomoa fyuzi ya EFI kwa sekunde 10 au zaidi ili ifutike.

Kilichochomolewa bila chochote kubadilika, feni, mshale wala taa, huenda ndiyo ile swichi ya injekta ya baridi. Au una kifaa kilichokufa, na hapo ndipo mita inaingia.

Hatua ya 4: Sensa hupima, swichi hukata

Weka mita kwenye ohm, kipimo cha ukinzani wa umeme. Kifaa cha pini 2 kipime kati ya pini zake. Cha pini 1 kipime kati ya pini na mwili wake wa shaba.

Sensa ya kontroboksi ikiwa kwenye nyuzi 20 inatakiwa kusoma kati ya ohm 2,000 na 3,000. Kwenye nyuzi 40 ni kama 900 hadi 1,300, na kwenye nyuzi 80 imeshuka hadi kati ya 200 na 400. Asubuhi ya kawaida ya Dar, nyuzi 26 au 28, tegemea kitu kama 2,000 au pungufu kidogo. Usiiite mbovu kwa sababu haikufika 2,500.

Sensa ya geji ni ndogo zaidi: mamia ya ohm ikiwa baridi, makumi ikiwa moto. Swichi ya feni haina katikati. Ni karibu 0, au mita haisomi kabisa. Ukikutana na kifaa cha waya mmoja na hujui ni geji au feni, kipimo hiki kinamaliza mjadala.

Sensa ya kontroboksi ina ujanja wake hapa kwetu. Waya wake ukikatika, kompyuta inaamua kuchukulia maji yako nyuzi 80 na kuendelea. Sehemu zenye baridi kali gari lingegoma kuwaka asubuhi. Dar linawaka tu, labda kwa kusuasua kidogo, na mwenye gari hajui. Mbaya zaidi ni sensa isiyokufa bali inayodanganya, inayosoma baridi wakati injini ni ya moto. Taa haiwaki, lakini moshi mweusi, plagi zenye masizi na mafuta yanayoisha kabla ya Ijumaa vinakuambia. Hii hutaikamata kwa kodi. Ni mita tu.

Hatua ya 5: Sufuria

Kwa swichi ya feni sikubali neno la mtu tena, hata la kwenye boksi. Itundike kwa waya ndani ya sufuria ya maji, ncha ya shaba imezama lakini haigusi chini, pini ziko juu kwenye hewa. Weka kipimajoto, washa jiko la gesi moto mdogo. Dar iko usawa wa bahari, maji yanafika nyuzi 100 kabla ya kuchemka, kwa hiyo 93 utaifikia bila shida.

Mita mwanzoni isome karibu 0. Joto likipita 90, tulia uangalie. Mahali fulani karibu na 93 utasikia "tik" ndogo na mita itapoteza usomaji. Zima jiko. Karibu na 83 inarudi. Ikiwa mwanzoni kwenye maji baridi haisomi chochote na inaunganika ikipata moto, una swichi ya mantiki ya kinyume, irudishe dukani. Mke wangu aliuliza kwa nini tunapika shaba. Sufuria hiyo sasa ni ya gereji.

Hatua ya 6: Feni haizunguki hata ukichomoa swichi

Basi swichi haina kosa. Anza na fyuzi ya feni. Kisha leta umeme wa betri moja kwa moja kwenye soketi ya mota. Isipozunguka, mota ndiyo imekufa, mara nyingi kwa kaboni kuisha. Ikizunguka, badilisha rilei. Kumbuka rilei ya feni kwenye saketi hii ni ile inayounganisha ikiwa imelala, kwa hiyo usiazime rilei ya honi ukadhani zote ni sawa kwa vile pini zinaingia. Mwisho, waya wa swichi wenyewe ukichubuka na kugusa bodi, feni haitawaka milele, kwa sababu saketi inadhani maji ni baridi.

Kuhusu kupiga feni dairekti, yaani kuiunganisha izunguke muda wote. Najua ndiyo dawa ya kwanza ya gereji nyingi hapa mjini. Kama umekwama Ubungo, chomoa soketi ya swichi tu. Hiyo ni dairekti ya bure na haikati waya hata mmoja. Ya kuachana nayo ni ile ya kuvuta waya mpya kutoka betri bila fyuzi. Mwenzake ni kutoa themostati kwa hoja kwamba "huku joto, haina kazi". Kwenye 3S themostati, inayoanza kufunguka karibu nyuzi 82, ina kazi mbili: ikifunguka kwenda kwenye rejeta, wakati huo huo inaziba njia ya mkato inayorudisha maji ya moto kwenye injini. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi na sehemu ya maji haipiti kwenye rejeta kabisa. Watu wametoa themostati kuzuia gari kuchemsha wakaliongezea sababu ya kuchemsha.

Hatua ya 7: Dukani

Ukienda maduka ya vipuri ya Gerezani au Kariakoo, usitaje jina, taja namba. Namba za Toyota zinajieleza kwa tarakimu 5 za mwanzo: 89422 ni sensa ya kontroboksi, 83420 ni sensa ya geji, 89428 ni swichi ya feni. Tarakimu zinazofuata hutofautiana kwa injini, kwa hiyo beba ya zamani mkononi.

"Bosi, chukua hii, feni zote ni moja," kijana wa kaunta atakwambia.

"Sawa kaka, lakini naomba niipime kwanza." Toa mita, gusisha pini. Swichi ya Toyota ikiwa kwenye boksi, baridi, lazima iunganishe. Sekunde 5 tu. Muuzaji mzuri hatakasirika, na wengine watakuazima mita yao.

Kwa sensa ya kontroboksi, mtumba wa Japani uliopimwa ukasoma vizuri ninauamini kuliko mpya wa boksi lisilo na jina.

Hatua ya 8: Kufunga

Punguza maji mpaka yawe chini ya kifaa unachotoa. Sensa ya kontroboksi hufunguka kwa spana ya 19. Safisha uzi, weka washa au oringi mpya. Kwenye sensa ya geji usizungushe tepu ya mabomba kwa wingi, maana inatumia uzi kama ethi. Ukiifunika kabisa, mshale utalala au utacheza. Tangi la rejeta la plastiki halitaki nguvu za kufungia bolti za tairi.

Jaza kulanti (kipoza injini) iliyochanganywa na maji yaliyotoneshwa (distilled), nusu kwa nusu. Maji ya kisima ya huku kwetu mengi yana chumvi, na chumvi inakula aluminiamu na ncha za sensa hizo hizo ulizonunua. Fungua hita hadi mwisho wa moto, washa injini kifuniko kikiwa wazi, minya mpira wa juu mara kwa mara hadi mapovu yaishe, kisha funga. Sensa iliyokaa kwenye povu la hewa itasoma uongo hata kama ni mpya.

Acha injini iungurume, eyakondisheni imezimwa. Mshale upande hadi karibu katikati na utulie. Mpira wa chini, ambao ulikuwa baridi, upate moto themostati ikifunguka. Baada ya hapo feni iwake, izunguke kidogo, izime yenyewe. Subiri iwake mara ya pili na izime tena. Mimi husubiri hadi ya tatu, kisha naandika tarehe na namba ya kifaa kwenye ile tepu ya karatasi, naibandika upande wa ndani wa boneti.